Chaneli ya kapo au chaneli ya kazi? Kwa wawili mnaotaka kuanza YouTube mkiwa Kigoma

Mimi kazi yangu kushuti harusi, Mwanga, Gungu, Ujiji, mpaka Kasulu huko wakiniita naenda, na siku hizi maharusi kabla hata sijawakabidhi video yao washaanza, kaka na sisi tunataka tufungue chaneli tuanzie wapi. Nikiwauliza chaneli ya nini wanaangaliana, afu mmoja anajibu "ya kwetu tu, maisha yetu". Baada ya hapo maswali yote yanahamia kwenye simu gani, maiki gani, taa ile ya duara bei gani. Simu jamani mnayo. Mimi nabaki nimekwama pale kwenye "ya kwetu tu".

Kwa watu wawili wanaoishi pamoja naona njia mbili. Kuna chaneli ya kapo, nyie wenyewe ndo kontenti, mlivyokutana, pranki, siku yetu leo, mume kaingia jikoni mke anacheka, maswali na majibu. Na kuna ambayo mi naiita chaneli ya kazi, yani kuna kitu ambacho mtu anakuja kukiangalia, mapishi ya huku kwetu, uvuvi, mawese, kilimo, safari ya treni au ya ziwa, na nyie wawili ndo mnampitisha. Sura zenu zipo, utani wenu upo, hata mapenzi yataonekana maana hayafichiki, ila mtu hakuja kwa ajili hiyo. Naziweka ubavu kwa ubavu hapa, na sijifanyi refa, kapo nyingi zinazoanza mi nawaambia chukueni hii ya pili, sababu nazitoa zote na mwishoni nitawataja wale ambao nawaambia kinyume.

Siku mkinuniana

Naanza na hili kwa sababu watu wanaanza na maiki.

Chaneli inataka ratiba, tuseme video moja kila wiki. Sasa ndani ya mwaka mzima ndoa yoyote ina wiki zake za kusalimiana kwa kichwa, msidanganyane. Ni alhamisi usiku, mmepishana kuhusu mchango wa msiba au ndugu aliyekuja wiki mbili na sasa ni mwezi wa tatu, kesho ni siku ya kupandisha video. Mkiwa na chaneli ya kapo mnaweza msishuti, ratiba ikatike. Mnaweza mkashuti mkiigiza furaha, na watazamaji wa kapo kazi yao kubwa ni kusoma nyuso, hamjafika katikati mtu kashaandika dada leo una nini mbona hauko sawa. Au mnaweza mkaugeuza ugomvi wenyewe kuwa video, na hii ndo inayoniogopesha kwa sababu inafanya kazi, itatazamwa kuliko zote mlizowahi kuweka, namba mtaziona wenyewe, na kuanzia siku hiyo kila mkikosana kuna mmoja anawaza hii tuirekodi. Nimekaa kwenye sebule za watu nikaona mtu anamwambia mwenzake "rudia ulivyosema" na sio mzaha.

Kwenye chaneli ya kazi usiku huohuo mke anashika simu mume anaparua migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, maneno mnayopeana ni sogea kwenye mwanga, rudia hapo, kisu kimetoka kwenye fremu. Video inatoka. Na watu wakifanya kazi ya mikono pamoja hasira zinashuka, nimeona wanandoa wamepatana kwa ajili ya kutafuta mwanga tu.

Halafu lile ambalo hamtaki nilitaje siku ya harusi, mkiachana chaneli ya kapo imekufa, hakuna wa kurithi. Ya kazi mmoja anaweza akaendelea nayo, au ikauzwa, au wakagawana mapato kama watu wazima.

Ipi rahisi kuanza

Ya kapo, bila ubishi. Mnaweza mkaanza leo usiku, sebuleni, simu imeegeshwa kwenye chupa ya maji, hamuombi ruhusa kwa mtu, hampandi boda, hamlipi nauli ya boti. Ya kazi inabidi mtoke, mpange, muombe watu, na mkirudi mna klipu hamsini za kupunguza kwenye app ya kuediti ya CapCut mpaka macho yaume.

Ila angalieni inavyokwenda. Stori ya mlivyokutana inasimuliwa mara moja. Pranki ya kwanza inachekesha, ya tano mwenzako kashakujua, so inabidi iwe kubwa zaidi, umezimia, umefukuzwa kazi, kuna mwanamke kapiga simu, na huko mbele ni pabaya. Afu kuna swali gumu kuliko yote, mtu aliyeko Mbeya hawajui nyie ni nani, kwa nini aangalie dakika kumi za siku yenu? Kapo mnazoziona zinafanya vizuri nyingi mmoja wao alishajulikana kwa kitu kingine kabla, muziki, uchekeshaji, mpira, watu walikuwa wanamtaka yeye tayari. Nyie hamna hiyo na wala sio dhambi.

Chaneli ya kazi inaingilia mlango mwingine, wa kutafutwa. Mtu anaandika kwenye YouTube "jinsi ya kupika migebuka kwa mawese". Anaandika "safari ya treni Dar mpaka Kigoma", maana ni karibu kilomita 1,250 na anataka kuona daraja la tatu watu wanakaaje, chakula wanapata wapi, Tabora wale wa Mwanza wanashuka na treni inakaa muda gani. Anaandika "mbegu ya michikichi Tenera inazaa baada ya muda gani", hili hasa, kwa sababu tangu 2018 serikali ilipoanza kulisukuma zao la michikichi huku kwetu watu wa mikoa mingine wanaulizia na wanaoweza kwenda TARI Kihinga, kile kituo cha utafiti wa kilimo, kuuliza uso kwa uso ni sisi. Jibu ni kama miaka mitatu hivi, ila mtu hataki sentensi, anataka kuuona mti wa miaka mitatu na amuone mkulima mwenyewe kasimama pembeni yake. Hakuna anayeandika majina yenu kwenye kutafuta. Majina yenu atayajua akishafika.

Na video ya kutafutwa haichakai. Pranki ya mwaka juzi imekufa, video ya kukamua mawese ya mwaka juzi bado kuna mtu anaifungua asubuhi hii.

Kitu kimoja cha kujua kwa mtu wa hapa, kontenti ya ziwa ina kalenda yake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, so zile siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, ukienda asubuhi yake utakuta mitumbwi imepinduliwa na watu wanashona nyavu (ambayo nayo ni video nzuri tu). Afu kuna kufunga ziwa, 2024 walilifunga kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu mizima. Kama chaneli yenu ni ya samaki peke yake mtakaa njaa, wekeni na mawese, muhogo, safari, ziwa likifungwa mnahamia shambani.

Asubuhi moja Kibirizi, kapo inafanyaje kazi

Watu wanadhani chaneli ya kazi inaua ukapo wenu. Hapana, ndo inautumia vizuri kuliko sebuleni.

Kibirizi mwalo unachangamka kukipambazuka. Boti zinaingia, dagaa wanamwagwa kwenye beseni, bado wanang'aa kama vipande vya bati, kelele za bei zinaanza hapohapo, wengine washaanza kubeba kwenda kuanika. Mwanaume akienda peke yake na simu pale, wale kina mama wanaoanika wanageuza migongo, mmoja atasema wewe unatupeleka wapi. Mkienda wawili mke anaanza kwa mikono mitupu, shikamoo mama, za asubuhi, anainama anasaidia kutandaza, wanaongea mambo ya mvua na bei, simu iko mfukoni. Baadae ndo anaomba, mama naomba turekodi unavyofanya, uso kama hutaki tutachukua mikono. Wengi wanakubali mikono, na mikono ndo video. Upande wa pili mume kakaa na wavuvi kwenye boti anauliza usiku ulikuwaje, na wavuvi nao wanafunguka kwa mwanaume mwenzao ambaye hajavaa kama afisa. Ndani ya saa moja na nusu mmepata pande zote mbili za biashara moja, mtu mmoja mmoja asingeweza.

Mwanga sasa. Kigoma jua linatokea milimani nyuma ya mji na linazamia ziwani upande wa Kongo. Maana yake asubuhi ukimsimamisha mtu ziwa likiwa nyuma yake jua linampiga usoni, anaonekana vizuri na maji yanakaa bluu. Jioni ukifanya hivohivo anakuwa kivuli cheusi, jua lote liko nyuma yake, na hizo ndo video nyingi za "sunset" mnazotumiana ambazo mtu haonekani pua. Jioni geuza, yeye aangalie ziwa, wewe upige kutoka upande wa maji.

Upepo wa ziwa unakula sauti. Vile vimaiki vidogo vya kubana kifuani vinasaidia lakini viwe na kile kimanyoya, bila kimanyoya utasikia fuuu mwanzo mwisho. Kama hamna hela ya maiki, msiongee pale, chukueni picha tu na sauti ya mazingira, afu mkirudi mkae chumbani kwenye kitanda chenye mablanketi mmoja asimulie, mwingine amkatize kwa maswali. Hapo ndo ukapo unaingia, yale majibizano yenu, yeye anasema dagaa wa mchanga ni watamu, wewe unasema wana mchanga, watu watabaki kwa ajili hiyo.

Na sekunde za kwanza msisalimie. "Hamjambo wapenzi watazamaji karibuni tena kwenye chaneli yetu pendwa" mtu kashasogea. Anzeni na dagaa wanaomwagwa kwenye beseni, salamu ije baadae au isije kabisa.

Namba zenyewe

YouTube wanakulipa matangazo ukifikisha sabuskraiba 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au sabuskraiba haohao 1,000 na Shorts, zile video fupi za wima, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kuna na ngazi ya chini, sabuskraiba 500, video tatu ndani ya siku 90, na saa 3,000 au Shorts milioni 3, hiyo inafungua mambo ya kuchangiwa na mashabiki tu, matangazo bado.

Weka hesabu upande wa kazi. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video yenu ya dakika kumi, tuseme mtu wa kawaida anaangalia dakika nne anaondoka, mnahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka, ambayo ni kama 165 kwa siku kwa chaneli nzima. Mkiwa na video 40 za vitu vinavyotafutwa ni watu wanne watano kwa siku kila video. Kwa maneno hayo inawezekana hata kwa mtu wa Katubuka.

Upande wa kapo, kontenti yenyewe huwa fupi, pranki ya dakika moja, na watu wanaiweka kama Shorts. Sasa dakika zinazotazamwa kule kwenye mlisho wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile saa 4,000, wengi hawalijui hili, so mnabaki na ule mlima wa milioni 10 kwa siku 90, yani zaidi ya 110,000 kwa siku, kila siku, miezi mitatu. Wapo wanaofika, ila ni bahati ya klipu moja kuwaka, na ikishawaka inabidi nyingine iwake.

Kwenye bando kapo inashinda na inashinda kwa mbali. Video ya dakika kumi iliyotoka kwenye simu kwa ubora wa 1080 inaweza kuwa MB 750 hivi, ya dakika moja ni kama MB 75. Kwa video nne kwa mwezi hiyo ni karibu GB 3 za kupandisha tu, bado hujaangalia chochote. Mi nawashauri watu waanze na 720, ni kama nusu ya hapo, watazamaji wenu wengi wako kwenye simu nao wanabana bando, wanaangalia kwa 360. Mtu haachi video kwa sababu ya 720, anaacha kwa sababu hasikii. Pandisheni usiku kwa bando la usiku, simu iwe kwenye chaji, na msikae kuisubiri.

TikTok je

Fupi tu. Ule mpango wa TikTok wa kulipa watengeneza video kwa kutazamwa ni wa nchi chache, Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na wengine kidogo, Tanzania hatumo. Hela ya TikTok kwa mtu wa huku ni zawadi za laivu na matangazo ya wafanyabiashara. Kwaiyo kama mmeamua kapo, TikTok ndo nyumbani kwenu na laivu ndo kazi yenu, mjiandae kukaa macho usiku. Kama mmeamua kazi, TikTok iwe ubao wa tangazo, kata sekunde arobaini zilizo tamu, weka pale, sema nzima iko YouTube. Kuhamisha watu ni kugumu, wachache ndo watakuja, ila wanaokuja wanakaa.

Wakwe, watoto na ruhusa

Kigoma mji mdogo. Video ya kapo haiishii kwa watazamaji, mama mkwe anaoneshwa na jirani kwenye simu, kipande tu, kile ambacho mke anamwita mume jina la chumbani, na jumapili mnaitwa. Sisemi msifanye kwa kuogopa wakwe, ila kaeni chini kabla ya video ya kwanza muandike vitu ambavyo haviingii hata kama siku hiyo hamna kontenti, chumba cha kulala, madeni, ndugu, mimba kabla hamjawaambia wazazi. Muandike kabisa, maana mkishaanza kuona namba kumbukumbu zinabadilika.

Mtoto ni kubwa zaidi. Chaneli ya kapo ikipata mtoto mtoto anakuwa nyota bila kuulizwa, na atakuja kusoma shule na watoto walioona anaogeshwa. Hata kibiashara haina faida hivyo, tangu 2019 YouTube wanafunga komenti kwenye video nyingi zenye watoto wadogo. Kwenye mapishi mtoto akipita nyuma ya jiko kapita, hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Chaneli ya kazi nayo ina usumbufu wake na ni wa makaratasi. Gombe ukitaka kushuti kibiashara kuna kibali cha TANAPA na malipo yake. Drone inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe tu pale Bangwe kwa sababu rafiki yako anayo. Bandarini na stesheni omba kwa mkubwa wa pale kabla hujatoa simu. Na chaneli yenu ikianza kutoa habari, ajali, siasa, nani kakamatwa, hapo mnaingia kwenye leseni ya TCRA, kaeni kwenye mapishi na dagaa mlale usingizi.

Wale ambao nawaambia chukueni kapo

Wapo. Kwanza wale ambao hata bila kamera mkikaa nao hamuondoki, anasema yeye anamalizia yeye, hawapangi. Hii haifundishwi. Jaribio lake ni rahisi, egesheni simu mmenye muhogo mkiongea dakika kumi bila kukata, afu mpe mtu ambaye sio ndugu wala rafiki, fundi simu, mtu wa duka, aangalie bila kuambiwa ni nini. Akifika dakika ya sita bila kugusa simu yake, endeleeni.

Pili kama mmoja kashajulikana, MC, mwimbaji wa kwaya, mchekeshaji wa mtaa. Tatu kapo ambazo zenyewe ni somo, Muha kaoa Mchaga, mke katokea Bujumbura au Kalemie, kila siku kuna kitu cha kupika, cha kusalimia, cha kubishania, huko hadithi haziishi na kwa kweli hapo kapo na kazi zimekuwa kitu kimoja.

Na hata hao, wote wawili wawe wanataka. Nikiona mmoja anaongea na mwingine anaangalia dirishani, nawaambia chukueni kazi, anayeongea akae mbele na asiyependa kamera akae nyuma yake ashike simu na kuediti. Chaneli ya kapo haina nafasi ya mtu wa nyuma.

Mkiwa bado mmegawanyika shutini moja ya kila aina, wekeni zote, afu muingie kwenye YouTube Studio, ile sehemu ya kusimamia chaneli, muangalie ule mstari unaoonesha watu wamebaki wangapi sekunde ya 30. Angalieni huo, sio likes za ndugu.

Hela na jina

Kwenye matangazo ya video ndefu mtengenezaji anabaki na asilimia 55, kwenye Shorts 45. Viwango vinategemea mtazamaji yuko wapi, Mtanzania aliyeko Marekani au Ulaya analeta zaidi kuliko aliyeko Uvinza, na hao wa nje wanatafuta nini? Chakula cha nyumbani, stesheni, ziwa. Kuna fomu ya kodi ya Marekani ndani ya AdSense, ile akaunti ya Google inayopitisha hela za matangazo, jazeni mapema, kwa Mtanzania wanakata asilimia 30 ya kile kilicholetwa na watazamaji wa Marekani tu, msipojaza wanaweza kukata mpaka kwenye cha nchi zingine.

Ila kabla ya YouTube hajatoa hata shilingi, chaneli ya kazi inaweza kuuza. Mkishaweka video ya dagaa lazima mtu wa Dar ataandika mnatuma? Jibu ni ndio, kilo ngapi, inapanda basi kesho. Mawese hivohivo, migebuka mikavu hivohivo. Chaneli ya kapo inabidi isubiri saluni au mwenye ukumbi awape tangazo, na hao wanaangalia sabuskraiba kwanza, na wengine wanataka kulipa kwa kusuka nywele.

La mwisho ni la jina na hapa ndo wapenzi wanaona aibu kuongea. AdSense ni akaunti ya mtu mmoja, jina moja, na akaunti ya benki iwe ya jina hilohilo. Chaneli yenyewe mwenye nayo anaweza akamuweka mwenzake kama meneja kwenye Studio, ataingia kwa imeli yake mwenyewe bila kupeana paswedi, fanyeni hivo siku ya kwanza. Kuhusu mgao, nusu kwa nusu au vinginevyo, semeni kwa sauti kabla haijafika hata dola moja. Ikifika dola 10 Google wanatuma barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anuani, bila hiyo namba hamlipwi, na malipo ya kwanza yanatoka ikifika dola 100. So muwe na S.L.P. inayofanya kazi. Kama hamna, ombeni ya kazini au ya kanisani au ya msikitini, mumwambie anayefungua sanduku kwamba kuna barua ndogo nyeupe itakuja na jina la mmoja wenu, asije akairudisha.